Barua Niliyomwandikia Hadija Kabla ya Mvua

Alhamisi, adhuhuri. Mvua imekoma tangu jana, jua limetoka kama vile halina habari, na maji bado yamesimama barabarani, rangi ya chai ya maziwa. Gari jeupe limeegeshwa chini ya dirisha letu, limezama hadi vioo. Hakuna aliyekuja kuliulizia.

Wasomaji wa ukurasa huu mnaningoja, najua. Tangu juzi mnanitumia ujumbe: Mwalimu, utaandika lini kuhusu mafuriko? Mnataka niwashe moto. Nilikuwa nimeshaanza, tena nilianza vizuri, juu ya mji uliopandisha minara mpaka mawinguni ukasahau kuchimba mtaro. Nimeifuta. Leo sina ugomvi na mtaro.

Leo nina ugomvi na mimi mwenyewe.

Hapa Discovery Gardens, Dubai, tunaishi wanawake sita katika chumba chenye vitanda vinne. Mimi nashiriki kitanda kimoja na Hadija. Mimi ni mlinzi wa usiku kwenye jengo la ofisi, yeye anafanya kazi mchana. Nikirudi asubuhi namkuta anavaa viatu. Anakunja shuka lake, natandika langu, na godoro bado lina joto lake. Kwa miaka miwili tumekuwa tukionana dakika kumi asubuhi na dakika kumi jioni, basi. Lakini mtu unayelala kwenye joto lake kila siku si mgeni wako.

Hadija ni Mganda, kwao Iganga, ana miaka thelathini na moja. Kazi yake ni kwenye ukumbi wa theluji, ile theluji ya mashine ambayo watu wa mji huu wa pwani, mji wa joto la kuyeyusha lami, hulipia ili wakatetemeke. Yeye huwavika wageni makoti na mabuti, kisha hushinda ndani kwenye baridi akiwainua watoto wanaoteleza. Mara ya kwanza alipomtumia mama yake picha akiwa amesimama kwenye theluji, mama alipiga simu akauliza ni nani aliyemfungia binti yake kwenye friji, na amekosa nini.

Mama huyo ndiye habari yenyewe.

Jumamosi kaka yake, Sulaiman, alipiga simu. Hospitali ilikuwa imemrudisha mama nyumbani, na kila mtu anajua maana ya kurudishwa nyumbani. Hadija ni binti pekee. Kwao, mama akifa, binti ndiye humwosha. Hakulia aliponiambia. Alisema tu, "Lazima mimi nifike, Mwalimu. Mikono yake mimi ndiye ninaijua."

Jumapili asubuhi akaenda kwa madam wake, msimamizi wa ukumbi, kuomba ruhusa. Madam alikubali papo hapo. Alimpa karatasi moja, akamwambia asaini, airudishe kabla ya saa tisa, na usiku huo huo apande ndege.

Hadija akaniletea karatasi kitandani. Nilikuwa nimelala saa mbili tu.

"Mwalimu, amka kidogo. Nisomee hii nisaini."

Niliisoma mara mbili. Ilisema kwamba anaondoka kwa hiari yake, kwamba ruhusa ni hisani ya kampuni wala si haki yake, na kwamba akirudi akikuta nafasi yake imejazwa hatalalamika popote.

"Usisaini."

"Madam amesema nikisaini leo, leo naenda."

"Unajua hapa unasaini nini?"

"Najua. Nasaini niende."

Niliketi. Usingizi ulikuwa umeniruka wote. Nimesoma vitabu vya kutosha kuwachosha mawakili wawili, na ninaposikia neno hisani mahali panapostahili kuwa na neno haki, damu hunipanda. Nikamweleza. Nilimweleza kwa muda mrefu. Nilimwambia atarudi akute hana kazi, nikamwambia karatasi kama hizi zipo kwa sababu kuna watu wanaozisaini.

Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, taratibu, "Mimi sitaki kumshinda madam. Mimi nataka kumwona mama."

Nikamjibu kwamba watu kama yeye ndio wanaofanya sote tukanyagwe.

Naandika sentensi hiyo hapa ili isiwe na mahali pa kujificha.

Aliitazama tena ile karatasi. Mwaka jana nilimwandikia Shiru, msichana wa Nakuru anayelala kitanda cha juu yetu, barua ya kumpelekea mwajiri wake, na Shiru akarudishiwa pasipoti yake ndani ya siku tatu. Hadija aliiona barua hiyo ikifanya kazi. Mwisho akasema, "Basi andika."

Nikaandika kurasa mbili. Ilikuwa barua nzuri. Nitasema kweli: nilipoimaliza niliisoma tena kwa raha, kama mpishi anayeonja mchuzi wake. Sikumfikiria mama yeyote. Nilimfikiria huyo madam akiisoma.

Na madam aliisoma, akiwa amesimama, hivyo ndivyo Hadija alivyoniambia jioni. Akamwambia kwa upole kwamba ile karatasi ndogo angeweza kuipitisha mwenyewe. Barua ya namna hii, yenye vifungu vya sheria, hana mamlaka ya kuijibu. Lazima iende ofisi kuu. Jibu labda Jumanne.

"Sasa imepanda juu," Hadija alisema.

"Vizuri. Ikipanda juu ndipo wanapoogopa."

Jumatatu usiku mbingu zikafunguka.

Mimi nimezaliwa Kinangop. Nimekua na baridi ya kuua viazi shambani, nimeona mvua ya mawe ikifagia kabeji za msimu mzima kwa nusu saa. Sikutarajia kuviona hivi vitu hapa. Jumanne alfajiri nilirudi kutoka zamu nikiwa nimeshika viatu mkononi, maji yakinifika mapajani, mawingu ya rangi ya kijani yakiwa yameinama juu ya majengo kama tumbo la ng'ombe. Kisha mawe yakaanza kuanguka. Yaligonga vioo, yakarundikana kwenye vibaraza, meupe. Watoto wa jirani wakawa wanapiga kelele za furaha kwamba theluji imekuja Dubai bila tiketi.

Umeme ukakatika. Lifti ikasimama. Shiru, aliyekuwa amejifunika blanketi hadi kidevuni, akanitazama nikikamua suruali yangu akasema, "Mwalimu, hii mvua nayo si uiandikie barua?"

Tulicheka. Hadija pia alicheka. Nakumbuka kwa sababu ndiyo mara ya mwisho.

Akavaa akatoka. Nilimwambia hakuna kazi leo, hata basi hakuna. Akasema madam alitaja Jumanne, na leo ni Jumanne. Alitembea karibu saa mbili ndani ya maji. Alikuta jengo la maduka lenye ule ukumbi limefungwa. Mlinzi, Mganda mwenzake, alimruhusu aingie achungulie kama madam yupo. Hakuwepo. Aliniambia kwamba kule ndani mashine zilikuwa bado zinafanya kazi kwa umeme wao wa akiba, zinamwaga theluji mahali ambapo hapakuwa na mtu hata mmoja. Alisimama hapo akaitazama kwa muda, kisha akaanza kurudi.

Ndege zote zilikuwa zimesimama wakati huo. Hata jibu lingekuja, lisingemsaidia kitu. Ndege ya Jumapili ilikuwa imeruka, ikatua Entebbe salama. Nimehakikisha.

Sulaiman alipiga simu wakati wa magharibi. Simu ya Hadija ilikuwa na asilimia tisa ya chaji. Tulikuwa wote chumbani, hakuna aliyekuwa na pa kwenda, kwa hiyo sote tulisikia.

"Mama ametangulia, dada. Sasa hivi."

Hadija aliitikia kwa maneno ya dini yake. Kisha akauliza swali moja tu.

"Nani atamwosha?"

Sulaiman akasema shangazi yao, pamoja na mke wa jirani. Hapo Hadija akaanza kutoa maelekezo, haraka haraka, kwa sababu ya chaji. Maji yasiwe ya baridi, mama hapendi baridi. Bega la kushoto linamuuma, wamwinue mkono polepole. Nywele wazifumue kwa vidole, wasitumie kitana. Alisema haya yote kwa Kiswahili, labda kwa kuwa mke wa jirani si mtu wa kwao, na hivyo nikalielewa kila neno. Alikuwa amerudi kwenye habari za bega simu ilipozima.

Aliendelea kuishika sikioni.

Nimewajibu mabalozi na wachungaji kwenye ukurasa huu. Hadija nilimsogezea mto tu. Usiku huo, kwa mara ya kwanza, tulilala wote wawili kwenye kitanda kile, mgongo kwa mgongo, na nilikaa macho nikiusikia mgongo wake ukiwa macho pia.

Walimzika jana kabla ya adhuhuri. Kwao wanawake hawaendi makaburini, kwa hiyo si kaburi alilolikosa. Alikosa saa moja tu, ile ya maji ya uvuguvugu.

Leo asubuhi umeme umerudi na madam amepiga simu. Hadija aliiweka kwa sauti kubwa kwa sababu mikono ilikuwa na sabuni. Ofisi kuu imekubali kila kitu. Ruhusa ni haki yake, siku zote alizoomba, na nafasi yake itamngoja. Madam alisema anafurahi sana kwa niaba yake, akamwombea mama apone haraka. Alikuwa hajui.

"Thank you, madam," Hadija akasema. Hakumsahihisha.

Kisha akanigeukia. Ningependa niwaambie kwamba alinitukana. Sauti yake haikuwa na kejeli hata kidogo. Alikuwa anatoa taarifa.

"Umeshinda, Mwalimu."

Sasa lile ambalo sijawahi kuliandika.

Miaka tisa iliyopita, kabla sijavaa sare ya ulinzi, nilikuwa nafanya kazi za ndani kwenye nyumba moja kule Al Twar, mtaa mwingine wa mji huu. Siku moja ndugu yangu akapiga simu kutoka Kinangop kuhusu mama yetu. Sikutafuta sheria. Niliingia sebuleni, nikapiga magoti kwenye zulia mbele ya sir na madam, wakiwa wanakunywa kahawa. Nililia kwa makusudi, kisha nikalia kweli. Waliniletea karatasi ya Kiarabu. Sikuuliza imeandikwa nini, nikaweka sahihi na dole gumba pia ingawa hakuna aliyeniomba dole. Sir akasema khalas, basi imekwisha, na jioni hiyo nilikuwa angani.

Nilimshika mama mkono kwa siku nne. Alinitambua siku mbili kati ya hizo. Nimemzika mwenyewe, na udongo nilirusha.

Halafu nikarudi, nikaanza kuandika, na kwenye ukurasa huu nimewaambia zaidi ya mara moja kwamba sijawahi kumpigia mtu magoti. Mliipenda sentensi hiyo. Mliisambaza.

Kwa nini basi sikumwacha Hadija asaini? Nimejiuliza tangu jana na majibu yangu yote ni mazuri mno. Haki ni haki, mimi bado naamini hivyo, na ile karatasi ilikuwa mbaya, bado ni mbaya. Lakini hayo hayakunizuia mimi. Nadhani nilikuwa nafuta alama ya zulia kwenye magoti yangu, na kitambaa nilichokitumia kilikuwa mama wa mwenzangu.

Ndege zimeanza kuruka. Hadija amepata nafasi ya kesho, anakwenda kukaa na baba yake. Sasa hivi anapanga sanduku, na ameniomba nikalie kifuniko ili zipu ifunge. Nimekikalia. Teksi inakuja kesho saa nne asubuhi.

Sijamwambia habari ya Al Twar. Nimeanza kujijengea hoja, kama kawaida yangu: kwamba kumwambia ni kumwongezea mzigo, kwamba nitakuwa natafuta nafuu yangu mimi, kwamba msiba una adabu zake. Ni hoja nzuri. Nimezikataa zote.

Nitamwambia kesho kabla teksi haijafika, nikiwa nimesimama, bila kueleza chochote, kisha nitanyamaza aseme atakalo. Anayo haki ya kujua kwamba mimi nilisaini, na nikafika.