Kiganja Juu ya Boneti

Kaka yangu mpendwa,

Huku sote wazima. Paka wako kazaa tena ndani ya kabati lako. Lile gari la mbio ulilonituma nikalikague nimeliona. Kaka, nilibaki mdomo wazi! Jekundu, limelala chini kama chui anayevizia.

Sikwenda peke yangu. Nilimkuta Baba ameshavaa viatu, eti anapita tu njia hiyo. Muuzaji alipotaka kuliwasha, Baba akaweka kiganja juu ya boneti.

"Umeshaliwasha leo. Tutangoja lipoe. Ugonjwa wa gari huonekana likiamka baridi."

Tukangoja mpaka muuzaji akaishiwa hadithi. Lilipowashwa lilinguruma hadi meno yangu yakatetemeka, lakini nyuma likatoa moshi wa buluu. Baba, na magoti yake yale, akajilaza chali mchangani, akaingia uvunguni na tochi. Nilimtazama nisiamini macho yangu: tangu mgombane hataki hata jina lako litajwe mezani.

Akatoka nywele zimejaa vumbi.

"Chasisi ilikatika, ikaungwa. Mwambie mwanangu asilinunue."

Magari yapo mengi, Kaka. Alisema "mwanangu".

Mdogo wako,
Kitindamimba