Mwalimu, Kitunguu Hakina Kloroplasti

Mwalimu wangu wa bayolojia,

Shule imeniomba niandike maneno matamu ya kukuaga, yasomwe kesho mbele ya wanafunzi wote. Nimeandika haya badala yake. Ulinijua tangu kidato cha pili kuwa kichwa ngumu, kwa hivyo usishtuke huko ulikolala.

Nianze na haki yako. Hakuna mtu aliyewahi kutufunza seli kama wewe. Ulikuwa umekodi nyumba mtaa wa Noonkopir, na siku ya kwanza ukachora ubaoni ploti yenu nzima, nyumba zote za kupanga ndani ya ua mmoja. "Huyu askari wa geti ni utando," ukasema. "Anachagua nani ataingia na nani atabaki nje. Kiini ni keteka, msimamizi wa ploti, ndiye ako na maagizo yote. Mitokondria ni jiko, bila hiyo hakuna nguvu. Na vakuoli je?" Sisi watoto wa Kitengela tukajibu kwa sauti moja, "Tangi ya maji!" Ulicheka mpaka chaki ikakuponyoka. Siku hiyo nilijua kazi nitakayofanya maishani, na leo nafunza bayolojia katika maabara ile ile.

Kisha ikaja siku ya kitunguu. Tulibandua ngozi yake nyembamba, tukaitia tone la ayodini, tukachungulia kwenye hadubini kwa zamu. Niliona kuta zimepangana kama za matofali, kila chumba na kiini chake cha kahawia kimesukumwa kando, na katikati vakuoli kubwa, wazi kabisa. Nikachora hivyo. Wenzangu walijaza kloroplasti, vile vidonge vya kijani vinavyotumia mwanga wa jua kutengeneza chakula, kwa sababu mchoro wa kitabu ulikuwa navyo. Ukaniambia niongeze. Nikakataa, maana sikuviona. Ukaniambia nilete mzazi.

Yeyo akaja. Mama yangu, ambaye hakuwahi kusoma hata darasa la kwanza, na aliyelima vitunguu Loitokitok miaka mingi kabla ya kuja kuviuza sokoni Kitengela. Alisimama mbele ya darasa na shuka yake, akakusalimia kwa heshima, akasema, "Mwalimu, hii kitunguu inakaa ndani ya udongo. Jua itaona wapi? Ile inatoa kichwa nje ndio inageuka kijani, na sisi tunairudishia udongo." Mwalimu, hiyo ilikuwa bayolojia tupu! Nawe ukajibu nini? "Mama, wewe uza vitunguu. Seli niachie mimi." Darasa zima likaangua kicheko.

Yeyo alitoka, na tangu siku hiyo hajavuka geti la shule yoyote. Si siku za wazazi, si siku niliyohitimu. Kwenye picha ya kuhitimu niko na shangazi. Mengi nilikusamehe, lakini hilo, ng'o!

Wiki jana mke wako alinikabidhi daftari lako la kuandalia masomo, akisema ungependa nibaki nalo. Nililifungua kwa mapenzi. Kwenye ukurasa wa seli ya kitunguu, umekata kloroplasti kwa kalamu nyekundu, na kando umeandika: "Kitunguu hakina. Mama wa soko alisema kweli." Tarehe ni ya wiki ile ile. Ile ile, Mwalimu! Kumbe ulijua. Kila mwaka uliwafunza wengine ukweli wa mama yangu, na hata siku moja hukumtaja.

Nililia kwa hasira. Nilikupenda, na ulikosea, na yote mawili nitayasema mbele ya watu. Mwalimu mkuu anasema marehemu hasemwi vibaya. Mimi nimemwambia walio hai pia wako na heshima yao. Akitaka kufuta jina langu kwenye programu, afute. Nitasimama tu, hata nikisomea uwanjani.

Jana nilimpelekea Yeyo daftari nikamsomea. Aliendelea kukata mizizi ya vitunguu vyake. Nikamsomea tena.

"Aliniambia mbele ya watoto," akasema hatimaye. "Hiyo maneno isomwe mbele ya watoto."

Nikamwambia basi aje, nitamwekea kiti mstari wa mbele, nimwombe msamaha kwa niaba yako. Akanitazama kama mtu aliyezaa mjinga.

"Kiti ya nini? Sikuji kuombwa msamaha. Nakuja kufunza."

Kesho tukishakuaga, kidato cha pili wako na bayolojia na mimi, kipindi cha tatu. Nimempa Yeyo.

Pumzika, Mwalimu. Darasa lako liko na mtu.

Mwanafunzi wako,
binti wa mama wa soko