Tairi za Baba Zimerudi Dukani

Mama, shikamoo.

Maharage yameiva, bado chumvi. Baba akiulizia tairi zake mpya, mpe chakula kwanza.

Mwanao Oliva aliona zina herufi L, yaani mwisho kilomita 120 kwa saa. Gari letu linataka T, 190, na Baba akifika Nanganga hukimbiza 130. Yeye alizichagua kwa meno makubwa, kama anayenunua msumeno. Asubuhi alipoambiwa, akajibu, "Waliotunga hizo herufi wamewahi kupita tope la Newala?"

Kesho Bibi atapanda gari hilo. Kwa hiyo Oliva na Mjomba Alfredi wamezipakia kwenye pikapu, wanakwenda kuzibadilisha Masasi. Mjomba ndiye aliyeamua, na kwa mjomba Baba hana pa kukata rufaa.

~~Oliva anaomba radhi.~~ Oliva ataomba radhi Bibi akishafika salama.

Kitindamimba wenu mtiifu, Oliva