Mafundo Manne Kutoka Ikola

Mjukuu wangu Tabu,

Huku Ilembo hatujambo. Bibi yako amemaliza kuvuna. Unauliza neno la Kiingereza "walk" lilianzia wapi.

Miaka ya hamsini, nikiwa karani mwoga bomani Mpanda, mama mmoja alitoka Ikola, mbali kando ya Ziwa Tanganyika, kumtolea mwanawe ushahidi asifungwe. Kueleza kwamba alikuja kwa miguu, niliandika neno hilo.

"Amekudanganya, karani," alisema Bwana Shauri, Mzungu aliyesikiliza kesi. "Kwa miguu, peke yake?"

Nikamtafsiria mama. Mama akaweka mezani kamba yenye mafundo. "Kila nilipolala porini nilifunga moja, mwanangu. Mwambie."

Nikatafsiri. Bwana Shauri akayagusa mafundo manne, akampa kiti, akamsikiliza.

Baadaye kamusi ilinieleza kuwa zamani neno hilo lilimaanisha kubingirika, kuyumba kama mawimbi. Nilistaajabu neno fupi vile kubeba simba na mito ya njia ile, na mama yule. Mpaka leo nikiliandika, mkono wangu hupunguza mwendo.

Babu yako