Mama Kyule Bado Anasubiri Kengele

Shangazi Teresiah,

Naomba msaada wako, na unisamehe nikiandika ovyo, kwa maana nimechoka, na si mwili tu. Ninaishi mtaa wa Lucky Summer, nina miaka ishirini na minne, na ni karani katika kiwanda cha sabuni hapa karibu, ambako nilipoajiriwa mwaka wa tisini na tatu nilikuwa na cheti kizuri cha shule lakini sikujua kupiga taipu, na aliyenifundisha ni mwenzangu mkubwa, Mama Kyule, ambaye alikuwa akifunika mikono yangu kwa kitambaa chake cha kufuma ili nisitazame herufi, na nikikosea ananiambia, "Vidole vina macho, mwanangu, viache vione." Hakunificha lolote.

Mwaka huu kampuni imenunua kompyuta moja, nikapelekwa mjini kwa mafunzo ya wiki mbili, mimi peke yangu, na niliporudi Bwana Masinde, mkubwa wa wafanyakazi, akaniambia nimfundishe Mama Kyule kwa mwezi mmoja kisha niandike ripoti kama anafundishika au la, kwa kuwa mashine ni moja na karani atakayebaki ni mmoja.

Shangazi, Mama Kyule hupiga taipu haraka kuliko mimi. Lakini amezoea taipureta, ambayo hulia kengele mstari ukikaribia kuisha, nawe unasukuma wenzo wake kwa mkono ili uanze mstari mpya. Kwa hiyo mbele ya kompyuta anasita, anatega sikio, halafu anakata mstari mwenyewe pale anapodhani umefika mwisho, na barua ikichapishwa inatoka mistari mirefu na mifupi kama meno ya mtoto. Bwana Masinde aliiona moja akacheka mbele ya watu: "Mama, hii ni barua ama ni wimbo wa kanisa?" Naye akamjibu, "Ni wimbo, bwana, na wewe utaimba besi," lakini nilimwona akiikunja na kuitia mkobani.

Mimi nilijua kosa liko wapi. Kompyuta hushusha mstari yenyewe. Ni sentensi moja tu, na kwa wiki tatu sijaisema. Kila asubuhi naenda nikikusudia kuisema, na kila jioni narudi nikijiambia kwamba hajaniuliza. Juzi akasema, "Mwanangu, labda kichwa changu kimezeeka," nikanyamaza, kama mtu anayemtazama mwenzake akitafuta miwani huku ameificha yeye. Ripoti inatakiwa Ijumaa. Mama yangu na wadogo zangu wawili kule Vihiga wananitegemea mimi, na Mama Kyule ana watoto wanne. Niandike nini?

Aliyechoka, Lucky Summer

*

Binti yangu,

Kichwa cha Mama Kyule hakijazeeka. Umekizeesha wewe. Na uchovu huo hautokani na kazi ya kiwanda. Kumficha kitu mtu unayekaa naye meza moja kutwa nzima ni kazi nzito kuliko kubeba katoni za sabuni.

Najua hofu yako. Siku hizi makampuni yanapunguza watu kila mwezi, na aliyekufanya mwalimu na mshindani wa mtu mmoja kwa wakati mmoja amekosea, tena sana. Lakini yeye hakukuziba mdomo. Usimtwike Bwana Masinde mzigo wako. Wala wale wa Vihiga usiwasingizie. Mama yako hakukuomba unga wa namna hiyo.

Unauliza uandike nini. Andika hivi: "Wiki tatu za kwanza sikumfundisha ipasavyo, kwa hiyo siwezi kusema kama anafundishika. Naomba aongezewe muda, kisha tupimwe sote wawili na mtu mwingine." Tia sahihi, umpelekee Bwana Masinde mwenyewe, wala usiipitishe chini ya mlango. Unaweza kuikosa kazi. Sitakudanganya. Ukiikosa, utakwenda kubisha kwingine na ufundi aliokupa Mama Kyule bila kukuuliza utamwachia nini.

Lakini hiyo ni ya Ijumaa, na usianze nayo. Kesho fika kabla yake, uwashe mashine. Akiingia, msalimie, umwambie: "Mama, hapa hakuna kengele. Mstari unashuka wenyewe. Nilijua, nikakuficha." Akikukasirikia, nyamaza, kunyamaza umekuzoea, sasa kutumie vizuri. Akimaliza, mwombe kile kitambaa, umfunike mikono, umwache apige.