Futari Juu ya Mawingu

Jumatano, 10 Julai 2013

Mfungo wa kwanza. Na viza imetoka! Mwezi huu huu nakwenda kwa Lukmani, Toronto. Tumeoana tangu Machi kwa wakala – yeye kule, mimi hapa Kasulu – na sauti yake ya simu naijua kuliko uso wake. Leo dukani nimepima kitambaa cha mteja nikasahau nimefika yadi ya ngapi. Akili ilishapaa.

Baba naye kafunga. Sukari inamsumbua, daktari kamkataza, mwaka jana alianguka msikitini. Hasikii. Eti daktari mwenyewe mtoto wa juzi.

Jumapili, 14 Julai

Mwalimu Ghati, jirani yetu, kanitafutia kwenye kompyuta yake. Dar mpaka Toronto karibu kilomita elfu kumi na tatu. Usiku mzima mpaka Ulaya, kubadili ndege, halafu saa nane tena juu ya bahari. Na sisi hapa mpaka Kigoma tu, mvua ikinyesha tunalala njiani.

Kasema jambo limenikaa. Kipande cha mwisho ndege inaelekea kule kule jua linakoelekea. Mnafukuzana, mchana hauishi. Sasa nitafungua saa ngapi? Kacheka – yeye Msabato, nikamuulize baba yangu.

Baba kasema msafiri ana ruhusa, nile nilipe baadaye. Nimesema nitafunga. Basi funga, kasema, jua ni lile lile, hao walimu wana maneno. Ubishi nimeurithi kwake.

Mchana nimesinzia dukani. Nimeota jua limejikunja dirishani kama paka, halitaki kutoka.

Jumatano, 24 Julai. Kigoma, uwanja wa ndege

Baba kanisindikiza. Kanifungia tende tatu kwenye leso. Tangu Mama afariki hajafuturu bila mimi hata siku moja.

Ndege ilipotua kasema polepole: nimemuuliza Ghati, kumbe ni kweli, jua litakufuata. Basi kesho sionji kitu mpaka unipigie kwamba umefungua. Tufuturu pamoja, mara ya mwisho.

Nikacheka. Nikasema sawa, Baba.

Alhamisi, 25 Julai. Ndani ya ndege, sijui juu ya nini

Saa yangu nimeiacha na majira ya Kasulu. Inasema saa tatu usiku. Dirishani jua kali, mawingu meupe tele, mtu anaweza kulala juu yake. Sina njaa. Sina uzito. Kwa muda mrefu nilikuwa na furaha tupu.

Mhudumu kaleta chakula, nikakataa. Nikamuuliza kwa Kiingereza changu cha shule, huko Toronto jua linazama saa ngapi. Kajibu. Nikapiga hesabu. Wakati huo Kasulu watu wanaamka kula daku.

Baba yuko mkekani. Uji wa pilipili manga umepoa zamani, simu iko mbele yake. Namjua, akisema kasema. Mikono itakuwa imeanza kumtetemeka.

Nimekula tende. Jua linanitazama usoni. Ruhusa ninayo tangu asubuhi, ni ubishi tu ulionishika. Nimelia, nikala ya pili.

Lakini Baba hajui. Mpaka nitue, mpaka Lukmani anipe simu yake – bado mwendo wa saa tatu. Nimewasha yangu kwa kificho, chini ya blanketi. Mtandao hakuna. Nazima, nawasha.