Hali ya Mgonjwa

9 Februari

Shemeji yangu mpendwa,

Kwa heshima na taadhima, huku bendera zote za nyumba hii zikipepea nusu mlingoti, natangaza kwamba kofia yangu ya kijivu haipo nasi tena. Ilifikwa na mauti Jumanne saa nne asubuhi, saluni kwa dada yako, baada ya kutumbukia katika bakuli la rangi ya nywele. Imeacha kipara kimoja na masikio mawili. Mazishi yalifanyika kwenye pipa la taka. Marehemu hakuacha wosia.

Baada ya tangazo hilo, u hali gani? Baridi ya huko inakuonaje? Na wale wazee unaowatunza, yule bibi bado anakuita kwa jina la binti yake? Sisi huku hatujambo, tunamshukuru Mungu. Dada yako anasuka vichwa vya watu mpaka anakisahau chake.

Kuna jambo moja dogo. Bima ya kazini kwangu wameandika kwamba hawatalipia tena dawa ya kifafa ya dada yako, ile ya kopo la buluu. Watatoa ya kampuni nyingine, isiyo na jina kubwa. Wanasema ni kitu kilekile. Mfamasia naye anasema watu wengi wanaitumia na hawana neno. Ile ya buluu hatuwezi kuinunua wenyewe. Kopo moja linameza mshahara wa karani wa shule na bado lina njaa. Basi ameanza hii mpya tangu mwezi uliopita. Miaka kumi na moja hajaanguka, ataanguka leo? Ondoa shaka.

Anakusalimu sana. Anasema uache kujikata nywele mwenyewe, ameiona picha.

Shemeji yako,
Karani


26 Februari

Shemeji yangu mwenye kipara,

Pole sana kwa msiba. Nilitaka kutuma shada la maua, nikaambiwa pipa lenu halipokei.

Mimi sijambo. Yule bibi bado ananiita kwa jina la bintiye. Nimeacha kumsahihisha, siku hizi naitika tu.

Ila nina swali, na usinizungushe. Wewe kofia huivui hata ukila. Siku ya harusi yenu dada ndiye aliyekuvua mbele ya watu. Sasa ilifikaje kwenye bakuli la rangi, Jumanne saa nne asubuhi, wakati ulitakiwa uwe shuleni unagonga mihuri?

Nimempigia dada, anasema hajambo. Wewe unasema hajambo. Nyumba nzima haijambo, na mimi huku simwamini hata mmoja wenu.

Nilikuwa na miaka saba alipoanguka mbele yangu mara ya kwanza. Mama alinifundisha papo hapo: mlaze ubavu, weka kitu laini chini ya kichwa, usimtie kitu mdomoni, kaa naye mpaka arudi. Nilikaa. Alipofumbua macho aliniuliza, "Nimekutisha?" Ndivyo alivyo mke wako. Yeye ndiye kaanguka, na yeye ndiye anaomba radhi.

Kwa hiyo niambie kweli.

Shemeji yako


22 Machi

Shemeji mpelelezi,

Salamu kutoka kwa mtuhumiwa. Natumaini u mzima na wazee wako ni wazima. Sisi tunaendelea vizuri.

Haya, nakiri. Dada yako aliteleza kidogo, mara moja, mbili. Hakuumia. Daktari anasema miili haifanani, mwingine hubadilishiwa dawa asihisi chochote, mwingine mwili unagoma. Anataka arudi kwenye ya buluu. Nikaenda ofisi ya bima, nikakaa kwenye foleni mpaka kiti kikanizoea. Dirishani yupo kijana mmoja mwenye tai fupi. Nimempa jina, Bwana Kanuni. Nikamweleza. Akasema, "Mzee, kanuni inataka tuone kwamba hii mpya imeshindwa."

"Ishindwe vipi?"

"Maandishi. Kuna fomu. Hali ya mgonjwa tangu aanze, na sahihi ya daktari."

Shemeji, nilikaribia kumkumbatia. Fomu! Mtaa mzima huu, nani hajajaziwa fomu na mimi? Nimejaza za kuzaliwa, za kufa, za viwanja, na za mjane mmoja aliyetaka kuolewa tena. Muuguzi wa kliniki alitaka kunijazia, nikamwambia, "Binti yangu, weka kalamu chini, usimfundishe samaki kuogelea." Nimeijaza kwa mwandiko wangu wa sherehe. Daktari ametia sahihi. Imeshapelekwa.

Tulia. Hii ni kazi ninayoiweza.

Shemeji yako,
Karani


2 Mei

Shemeji,

Hamjambo? Mwezi na zaidi bila barua. Nimeingia duka la dawa la hapa kuomba ile ya buluu, wamenikatalia: mpaka daktari wa huku amwone mgonjwa kwa macho. Nikawaambia mgonjwa hawezi kusafiri. Wakaniambia pole.

Fomu imejibiwa? Jana dada kwenye simu alirudia sentensi moja mara tatu, kisha akacheka, akasema mtandao mbaya. Mtandao ulikuwa mzuri.

Shemeji yako


18 Mei

Shemeji yangu,

Salamu. Wamekataa. Sababu zao sijazielewa vizuri, ni maneno ya kiofisi.

Daktari atatusaidia kukata rufaa. Dada yako hafungui saluni kila siku. Mteja mmoja alitoka mbio akiwa amesukwa upande mmoja tu, sasa anapita mtaani na upande mmoja umelala na mwingine umesimama, na anawaeleza watu kwa nini. Waliobaki ni jirani yetu mwenye duka na wajukuu zake. Nimeweka mito kila kona; nyumba imekuwa kama ya watu wavivu.

Anakusalimu. Tutaandika tukipata jibu.

Shemeji yako


30 Juni

Shemeji,

Nimefika salama. Nimerudi kazini juzi. Yule bibi aliniona tu, akaniuliza kwa nini nimevaa nyeusi. Nikamwambia dada yangu amefariki. Akalia na mimi. Baada ya saa moja akaniuliza tena.

Asante kwa yote uliyoyabeba siku zile za mazishi. Najua hukuwa unaona mbele.

Nakuandikia kwa jambo moja. Siku ile ulisimama mbele ya watu ukasema, "Bima wamemuua mke wangu." Maneno hayo hayajanitoka. Nataka wajibu. Mwajiri wangu ana mwanasheria, amekubali kuwaandikia barua. Anachohitaji ni karatasi: fomu uliyoijaza Machi, na barua yao ya kukataa. Nitumie nakala za zote mbili.

Tafadhali usichelewe.

Shemeji yako


21 Julai

Shemeji,

Safari hii sianzi kwa kukuambia kwamba sisi hatujambo. Kwanza hakuna tena "sisi". Pili, neno hilo ndilo ninalokuja kulikiri.

Nakala zote mbili nimezitia ndani ya bahasha hii. Zimekaa mezani wiki tatu. Kabla hujazisoma, nisikilize.

Kofia haikutumbukia. Ile Jumanne jirani mwenye duka alinipigia simu shuleni, nikakimbia. Nilimkuta dada yako sakafuni, bakuli limepinduka, rangi imetapakaa. Sikuona kitu laini cha karibu zaidi ya kilichokuwa kichwani mwangu. Nikamwekea. Alipofumbua macho alisema, "Kofia yako, jamani." Ilikuwa mara ya tatu tangu abadilishiwe dawa. Nikaja nyumbani nikakuandikia mzaha.

Kufikia Machi alikuwa ameanguka mara saba. Fomu ilikuwa na swali moja tu la maana: Eleza hali ya mgonjwa tangu aanze dawa mpya. Chini yake mistari kumi na miwili. Nilikuwa nimekaa mezani, naye yupo mbele yangu anakunja taulo za saluni, ananitazama nikiandika. Ningeandika nini, shemeji? Kwamba ameuma ulimi mpaka shuka limelowa damu? Kwamba alijikojolea mbele ya wateja, akapiga deki mwenyewe na kuwaomba radhi? Alikuwa akisubiri kusoma. Akaniuliza, "Umeniandikaje?" Nikasema, "Nimekuandika vizuri." Akacheka, akasema, "Basi vizuri."

Nilitumia mstari mmoja kati ya kumi na miwili. Utausoma mwenyewe: "Hajambo, tunamshukuru Mungu, isipokuwa aliteleza kidogo mara mbili." Ndivyo nilivyokuwa nikikuandikia wewe. Mkono ulishazoea. Daktari alikuwa na foleni hadi mlangoni. Aliniamini, akatia sahihi.

Barua yao ya kukataa niliielewa tangu siku ya kwanza. Inasema: kwa maelezo ya familia yenyewe, mgonjwa hajambo.

Nilisubiri wiki nzima kabla ya kumwambia daktari. Aibu, shemeji. Karani wa fomu za mtaa mzima. Hatimaye tulijaza upya, mara hii mistari yote kumi na miwili, na nikaipeleka mwenyewe. Dada yako alinisindikiza hadi mlangoni, akaniambia anakwenda kufua taulo uani. Nikamwambia subiri nirudi. Akasema, "Taulo zitanisubiri mimi? Nenda."

Bwana Kanuni aliisoma fomu yote. Akavua miwani. Akasema, "Mzee, ungeandika hivi tangu Machi, ningepitisha siku ileile." Akagonga muhuri. Nilitoka na ile karatasi nimeishika kwa mikono miwili kama yai, nikapitia duka la dawa, nikapewa kopo la buluu. Nilikuwa nimeshapanga namna ya kumtangazia, na maneno makubwa makubwa.

Nilimkuta uani, ameangukia mbele, ndani ya beseni la kufulia. Maji yenyewe hayafiki kiwiko. Nilimlaza ubavu. Niliweka taulo chini ya kichwa. Nilikaa naye, kama mama yenu alivyokufundisha.

Mwambie mwanasheria wako aandike. Kanuni ya kumtaka mtu aanguke kwanza ndipo apewe dawa iliyokuwa ikimsimamisha ni kanuni mbaya, nami nitasimama popote niseme hivyo. Lakini nikisimama nitasema na hili lililo langu. Sitaweza tena kusimama mbele ya watu na kutaja upande mmoja.

Kopo lipo kabatini, halijafunguliwa. Saluni nimeifunga. Nashinda nyumbani, mito bado iko kila kona, siwezi kuitoa.

Ukitaka usiniandikie tena, nitaelewa. Ukiniandikia, usiniambie kwamba hujambo. Niambie hali yako.

Shemeji yako